Ukitaka Shamba Chini ya Mlima, Njoo Februari

Nusu eka yangu kando ya mto Njoro niliinunua mwezi wa Mei, na kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Masika yalikuwa yamekolea, mto unanguruma, na muuzaji akanipeleka moja kwa moja hadi ukingoni. "Hapa maji hayaishi," akaniambia. Nikatoa pesa. Februari iliyofuata niliuvuka mto uleule bila kuvua viatu. Katikati walisimama ng'ombe watatu wakilamba tope.

Kwa hiyo anayetafuta shamba huku kwetu Nakuru, au Kericho, au kule Trans Nzoia chini ya Mlima Elgon, namwambia aje kulitazama Februari. Na kabla hajachota udongo kiganjani kuukagua, ainue macho atazame mlima. Wengi wetu hukagua hati, barabara na nguzo za stima, halafu mlima unaotuletea maji tunaupigia picha tu.

Mto Njoro unaanzia juu, msitu wa Mau upande wa mashariki, ukapitia mashamba na mji wetu hadi Ziwa Nakuru. Makalia na Nderit nayo inatoka hukohuko na kuishia ziwa hilohilo. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mwinuko hupoa, mawingu yakafanyika, mvua ikanyesha. Hiyo ni kazi ya mlima wenyewe. Kuyatunza maji hayo hadi kiangazi ni kazi ya msitu.

Jambo hili sikulielewa mpaka nilipopanda huko na jirani yangu, mzee wa Kiogiek, jamii iliyoishi msitu wa Mau tangu zamani, ambaye bado ana mizinga ya nyuki iliyochongwa kwa mtarakwa. Wiki mbili hapakuwa na tone la mvua. Mzee akapiga goti chini ya miti, akatumbukiza mkono kwenye majani yaliyooza hadi karibu na kiwiko, akautoa umelowa. Tukatembea kidogo, tukatokea kwenye shamba la viazi lililokuwa msitu zamani. Akapiga kisigino chini, ardhi ikalia kama sakafu. "Mvua ikija hapa," akasema, "haikai. Inakuja kwako."

Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za msitu huo wa mashariki ili watu wagawiwe. Waogiek walikwenda hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha, na mwaka 2017 wakashinda kesi dhidi ya serikali juu ya kufukuzwa msituni. Siasa za Mau siziwezi, nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu yake. Ninachojua ni kwamba ile mvua isiyokaa kwa mzee huja kwangu saa moja, na tope juu, kisha miezi miwili hakuna kitu.

Dada yangu ameolewa Ahero, kwenye tambarare za Kano. Kila mafuriko yakiingia kwao hunipigia simu: "We kaka, maji yenu yamefika tena!" Kwa kweli hayo si yangu. Maji yangu yanateremka Nakuru, ilhali mto Nyando unaomsumbua unakusanya maji ya Londiani, Tinderet na milima ya Nandi. Lakini kutoka kwangu hadi mgongo unaoyagawanya maji si mbali, na upande wa pili wa Mau hiyohiyo unatoka mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, megawati 60. Kwa hiyo huwa simbishii sana. Namwomba radhi kwa niaba ya mlima, tunacheka, halafu ananiuliza kama viazi vimeshuka bei.

Kosa langu la pili lilikuwa mikaratusi. Nilipanda 40 ukingoni kabisa, nikiota kuuza nguzo. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zinamtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake, nami nikajiona raia mwema. Mti huo unakunywa maji kama ngamia aliyerudi safari. Niling'oa yote nikaweka mianzi, na sehemu iliyobaki nikaiacha iote nyasi. Ukipenda mikaratusi, ipande juu mbali na mto.

Kilichonisaidia zaidi ya yote hakikunigharimu hata shilingi. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja kama mita mbili, uzifunge juu zifanane na herufi A. Funga ufito wa tatu kukatiza katikati, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Simamisha, tia alama uzi unapogusa ule ufito wa kati. Geuza, mguu huu ukae palipokuwa ule, tia alama tena. Nusu ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Sasa tembea nayo kukata mteremko, na kila uzi unapotulia kwenye nusu, chomeka kijiti. Ukimaliza utaona mstari umepindapinda kama nyoka, na utadhani umekosea. Hujakosea, shamba lako ndilo lililopinda.

Chimba mtaro kwenye mstari huo na udongo uutupe upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, jina ambalo hata vitabu vya Kizungu vya kilimo vimelichukua hivyohivyo. Juu ya tuta panda nyasi za nepia. Mizizi itashika udongo na ng'ombe atapata chakula. Kazi hii ifanye Januari au Februari. Mimi mwaka wa kwanza nilisubiri hadi mvua ianze, na tuta lote likabebwa usiku mmoja.

Msimu uliofuata jirani wa chini yangu alikuja kuuliza kwa nini tope halijaingia bomani kwake mwaka huu. Nikamwonyesha mitaro. Akaazima ile A, akakaa nayo wiki tatu, akairudisha bila jiwe.