Bosi hataki dodoso la wafanyakazi

Dada, umesema bosi wako hapo Tabora hataki dodoso la kuridhika kazini, eti litazua madai ya mshahara. Hofu yake ina mantiki: ukiuliza watu halafu ukanyamaza, unawaudhi zaidi. Usimpelekee maswali arobaini. Mpelekee hesabu ya walioacha kazi mwaka huu na gharama ya kufundisha wapya. Notisi ya siku 28, kwa wanaolipwa kwa mwezi, haitoshi kumbembeleza mtu aliyekwishaamua kuondoka. Kisha omba jaribio: idara moja, maswali matano, bila majina, kuhusu zamu, vifaa na lugha ya wasimamizi. Idara yenye watu wanne sahau usiri, mwandiko tu unawataja (nimeliona hilo). Hao waite mmoja mmoja kwenye chai ya saa nne.