Ekzosi ya bei mara tatu: inastahili?

Mkuu, umeuliza kama ekzosi ya bei mara tatu inastahili hela yake. Mlio uache kwanza, piga magoti uangalie kona za bomba. Bomba lililokunjwa ovyo hubonyea pale kwenye kona na moshi unabanwa. Lililokunjwa vizuri lina upana uleule mwanzo mwisho. Halafu weka sumaku: chuma cha pua cha daraja la 409, chenye kromiamu kama asilimia 11, kinashika sumaku na hupata kutu ya juujuu mapema. Cha 304 kina kama 18, kwa kawaida sumaku haigandi. Kwa gari la kila siku 409 inatosha kabisa.

Ya kwangu ya bei chee ilipasuka kwenye weldingi ya flanji (bapa la kuunganishia mabomba), nikachomelea mara mbili. Ile ncha inayong'aa ni urembo tu, usiilipie.