Programu ipi ya kuhudumia kompyuta za matawi kwa mbali?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS yenye makao makuu Dodoma na matawi Singida, Manyoni na Kondoa. Tuko wawili, na kompyuta zinakaribia 60. Tumekuwa tukitumia TeamViewer ya bure, lakini siku hizi inakatika baada ya dakika chache ikidai tunaitumia kibiashara. Meneja anataka nipendekeze programu moja. Wahasibu nao wanaomba kufanya kazi wakiwa nyumbani. Nichukue TeamViewer ya kulipia, AnyDesk, au za bure kama RustDesk?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Toleo la bure la TeamViewer ni kwa matumizi binafsi tu, kwa hiyo hapo hamna hoja ya kubishana nao. Ila umeleta maombi mawili kwa pamoja, na ningependa uyatenganishe kabla hujaenda kwa meneja. Ninyi mafundi mnataka kuingia kwenye kompyuta ya mtu mwingine, iwe yeye yupo mbele yake au ni usiku na ofisi imefungwa. Mhasibu anataka kuifikia kompyuta yake mwenyewe. Nianze na lenu.

Keshia wa Manyoni anapiga simu, printa ya risiti imegoma. Anafungua programu, anakusomea namba, unaingia. Unaanza kusakinisha draiva, mara kioo chako kinakuwa cheusi. Keshia anakwambia, "Kuna kidirisha kinadai nenosiri." Hicho ni kidirisha cha Windows cha kuomba idhini ya msimamizi, na programu iliyofunguliwa hivi hivi bila kusakinishwa kwa kawaida haiwezi kukiona wala kukibofya. Hapo ndipo fundi mwenye haraka humtajia keshia nenosiri la msimamizi kwenye simu, na kuanzia dakika hiyo nenosiri si siri tena. Dawa ni kuisakinisha programu kwa haki za msimamizi ili iwake pamoja na kompyuta, kabla hata mtu hajaandika nenosiri lake. Zote tatu ulizotaja zinaweza kusakinishwa hivyo.

Majaribio yafanyie tawini, tena siku za mwisho wa mwezi mtandao ukiwa umeelemewa. Ukijaribu ndani ya ofisi ya Dodoma kila programu itaonekana nzuri. Zima umeme ukutani, urudishe, kisha ukiwa makao makuu angalia kama kompyuta imeonekana tena bila mtu kuigusa. Kama haikuwaka, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uielekeze iwake yenyewe umeme unaporudi. Kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio huo, na kwa tawi lenye mgao wa umeme unaokoa safari nyingi.

Matawi yanayotumia laini ya simu au Starlink kwa kawaida hayana anwani ya IP ya umma, yaani namba ya kuyafikia moja kwa moja kutoka intaneti, maana wateja wengi hugawana anwani moja. Hivyo programu lazima ipitie seva ya katikati, na swali kubwa linakuwa: seva hiyo ni ya nani, na nani anaitunza? Mwaka 2024 ulitoa funzo pande zote mbili, kwa wanaotegemea seva ya kampuni na kwa wenye seva yao wenyewe. Mwanzoni mwa Februari AnyDesk walitangaza kwamba mifumo yao imevamiwa, wakafuta vyeti vya usalama na manenosiri ya wateja kwenye tovuti yao. Mwezi huohuo likagundulika pengo kwenye ScreenConnect, programu nyingine ya aina hii, lililomruhusu mvamizi kupita bila nenosiri. Waliokuwa kwenye seva za kampuni yenyewe walizibiwa na kampuni. Walioshambuliwa zaidi ni wenye seva zao wenyewe waliochelewa kusasisha. Kwa hiyo usimwambie meneja kwamba kumiliki seva ni usalama moja kwa moja. Ni usalama kama mmoja wenu ataisasisha siku ileile tangazo linapotoka, hata ikiwa Jumamosi.

Pendekezo langu ni hili. Kama mmoja wenu anaijua Linux vizuri, jaribuni MeshCentral, programu ya aina hii ambayo seva yake mnaiweka wenyewe, kwa mwezi mmoja kwenye tawi moja. Ni ya bure hata kwa taasisi, inatumika kupitia kivinjari, inapanga kompyuta kwa makundi ya matawi, ina uthibitisho wa hatua mbili, na inaweka kumbukumbu za nani aliingia wapi na saa ngapi. RustDesk inapendeza kwa wepesi wake, lakini seva yake ya bure haina usimamizi wa watumiaji na ruhusa. Hayo yamo kwenye toleo la kulipia, na taasisi ya fedha haiwezi kufanya kazi bila hayo. Kama Linux inawapa shida, lipieni TeamViewer au AnyDesk bila kuona aibu. Kabla ya kulipa uliza leseni inahesabu nini: mafundi, vikao vya wakati mmoja, au kompyuta. Kwa mafundi wawili na kompyuta 60, jibu la swali hilo linabadilisha bei sana.

Vyovyote mtakavyochagua, kila fundi awe na akaunti yake. Akaunti moja ya pamoja haikubaliki, kwa sababu siku fedha za mwanachama zikihamishwa kimakosa hamtaweza kuonyesha ni nani aliyekuwa ndani ya kompyuta hiyo. Mkirekodi vikao, kumbukeni video hizo zina taarifa za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa. Wekeni muda wa kuzifuta.

Sasa wahasibu. Kishawishi ni kufungua poti ya 3389, mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye rauta ya Dodoma ili waingie kwa Remote Desktop ya Windows moja kwa moja kutoka intaneti. Nakuomba sana usifanye hivyo. Poti hiyo hutafutwa usiku na mchana na programu za wavamizi. Mwaka 2019 pengo la BlueKeep kwenye Remote Desktop hiyo lilikuwa la hatari kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka hata cha Windows XP waliyokwisha kuacha kuihudumia. Wekeni kwanza VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi, WireGuard kwa mfano, mhasibu aingie humo ndipo aifikie kompyuta yake. Angalia pia toleo la Windows lililopo: Home haipokei Remote Desktop, inatakiwa Pro.

Mkishahamia programu mpya, ondoeni TeamViewer ya bure na nyingine yoyote msiyoichagua kwenye kompyuta zote 60, na mzuie zisifunguke tena. Halafu waambieni makeshia namba moja tu ya simu ambayo TEHAMA hutumia. Mei 2024 Microsoft walieleza jinsi wahalifu wanavyompigia mfanyakazi wakijifanya ni TEHAMA na kumtaka afungue Quick Assist, programu ya kusaidiwa kwa mbali ambayo tayari imo ndani ya Windows. Keshia akipigiwa na namba nyingine, akate simu, awapigie ninyi.