Shahada ya uchumi: hesabu huanza mapema, maelezo hayaishi

Wengi huchagua uchumi kwa sababu wanapenda mijadala ya bajeti, ajira na mfumuko wa bei. Wiki chache baadaye wanajikuta wanatafuta mteremko wa mkunjo, na baadhi hudhani wameingia darasa lisilo lao. Ni lao. Shahada hii haifundishi kutunza vitabu vya hesabu, maana hiyo ni kazi ya uhasibu, wala haifundishi kuendesha kampuni au kucheza na hisa. Inafundisha jinsi watu, kampuni na serikali wanavyochagua pale rasilimali zisipotosha, na jinsi ya kupima kilichotokea baada ya kuchagua. Yote mawili hufanywa kwa hesabu.

Kabla ya muhula wa kwanza, noa mambo haya: kupanga upya mlinganyo ili kigeu kimoja kibaki peke yake, kuchora mstari na kusoma mteremko wake, vipeo, logi (kipeo ambacho namba ya msingi hupandishiwa ili kupata namba fulani), na derivativu za kawaida, yaani kasi ya kitu kimoja kubadilika kingine kinapobadilika. Logi ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo itakayorudi kila muhula. Tofauti ya logi asilia za namba mbili zilizokaribiana hukaribia mabadiliko yake kwa asilimia. Pato likipanda kutoka 100 hadi 105, logi yake huongezeka kwa takriban 0.049, karibu sana na asilimia 5. Asiyelijua hilo atahangaika na majedwali ya tafiti hadi mwaka wa mwisho.

Maikroekonomia, yaani uchumi wa mnunuzi au kampuni moja moja, huanza na mahitaji na ugavi. Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya kusogea juu ya mkunjo na kuhama kwa mkunjo wenyewe. Bei ya bidhaa ikipanda, mnunuzi husogea kwenye mkunjo uleule wa mahitaji. Kikibadilika kipato chake, au bei ya bidhaa mbadala, mkunjo mzima huhama. Kisha huja unyumbufu, yaani jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia badiliko la bei: bei ikipanda kwa asilimia 10 na kiasi kinachonunuliwa kikashuka kwa asilimia 5, mapato ya muuzaji ni 1.10 × 0.95 ya yale ya awali, yaani yamepanda kwa asilimia 4.5.

Baadaye utakutana na njia ya Lagrange, ya kutafuta kilicho bora kabisa ndani ya kikomo kama bajeti. Tuseme mnunuzi ana bajeti ya 80, bidhaa moja inauzwa 2 na nyingine 4, na kuridhika kwake kunapimwa kwa U = xy, ambapo x na y ni kiasi anachonunua cha bidhaa ya kwanza na ya pili. Jibu ni x = 20, y = 10, na λ, kizidishi kinacholetwa na njia hiyo, ni 5. Wengi huishia hapo, kumbe swali lenye alama ndilo linalofuata: hiyo 5 ina maana gani? Maana yake ni kwamba bajeti ikiongezeka kwa 1, kuridhika kutaongezeka kwa takriban 5. Jaribu mwenyewe kwa bajeti ya 81, utaona U ikitoka 200 hadi 205 na ushee.

Ugumu wa kweli wa shahada hii uko hapo. Jibu lile lile unatakiwa ulitoe kwa mlinganyo, kwa mchoro, na kwa maneno ambayo mtu asiyesoma uchumi atayaelewa. Hodari wa hesabu hukwama kwenye maneno, na hodari wa insha hukwama kwenye mlinganyo. Kila umalizapo swali, andika chini yake sentensi mbili zinazoeleza jibu bila alama yoyote ya hesabu. Zikikushinda, bado hujaelewa, hata kama namba zako ni sahihi.

Makroekonomia, yaani uchumi wa nchi nzima, huonekana nyepesi kwa kuwa maneno yake husikika kila siku kwenye taarifa ya habari, na wengi huanguka kwa sababu hiyo. Katika Y = C + I + G + (X − M), yaani pato la taifa kama jumla ya matumizi ya kaya, uwekezaji, matumizi ya serikali, na mauzo ya nje kutoa bidhaa zilizoagizwa, herufi I haihusu kununua hisa; ni mashine, majengo na nyongeza ya bidhaa ghalani. M nayo hutolewa kwa sababu bidhaa kutoka nje zimekwisha kuhesabiwa ndani ya C, I na G. Haitolewi kwa kuwa kuagiza bidhaa kunapunguza pato. Riba ikitoka asilimia 4 hadi 5, imepanda kwa pointi moja ya asilimia, ambalo ni ongezeko la asilimia 25. Ukifika kwenye IS-LM, modeli ya riba na pato katika muda mfupi iliyotokana na kazi ya John Hicks ya mwaka 1937, au kwenye modeli ya ukuaji ya Robert Solow ya 1956, uliza kwanza: ni kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike? IS-LM ya msingi hushikilia bei. Solow hushikilia kiwango cha akiba.

Ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa data na takwimu, ndilo somo ninaloliona lenye thamani kuliko yote, na ndilo linalofungua milango mingi ya kazi. Chukua mfano huu. Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. David Card na Alan Krueger walilinganisha ajira katika migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, na katika makala yao ya 1994 hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Wachumi wengine waliipinga data yao, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Kwa mwanafunzi, cha kushika ni ufundi wenyewe. Ukiitazama New Jersey peke yake huwezi kujua kama badiliko limeletwa na mshahara au na hali ya uchumi ya wakati ule. Pennsylvania inakukadiria nini kingetokea bila nyongeza ile, mradi majimbo hayo mawili yangekwenda mwendo mmoja. Sharti hilo ndilo la kukaguliwa kwanza.

Utafundishwa pia kugawa koefishenti (ukubwa wa uhusiano uliokadiriwa) kwa kosa lake sanifu (kipimo cha jinsi kadirio hilo linavyoweza kuyumba) na kuangalia kama jibu limezidi takriban 1.96, bila kujali alama ya kutoa. Likizidi, katika sampuli kubwa matokeo huhesabiwa kuwa na uzito kitakwimu kwa kiwango cha asilimia 5. Hilo halikuambii kama athari ni kubwa, wala kama kimoja kimesababisha kingine.

Tasnifu huharibika mapema, kwenye uchaguzi wa mada. "Athari za mfumuko wa bei kwa ukuaji wa uchumi" kwa data ya miaka 25 na vigeu sita ni mtego. Una uchunguzi 25 tu, na mifululizo inayopanda pamoja kwa miaka huonyesha uhusiano hata pasipokuwepo, jambo ambalo Clive Granger na Paul Newbold walilionyesha mwaka 1974. Hakikisha kwanza data ipo na unaruhusiwa kuitumia, ndipo ulifunge swali lako. Data za kaya au za kampuni nyingi hukupa nafasi zaidi. Acha faili la awali bila kuliguza, na kila marekebisho yaandike kama amri ndani ya programu za uchambuzi kama R, Stata au Python. Ukibadilisha visanduku kwa mkono, msimamizi akiuliza namba imetoka wapi hutakuwa na jibu. Kusafisha data huweza kula muda mwingi kuliko uchambuzi, kwa hiyo kupangie wiki, usikupangie siku.

Kwa kila saa ya mhadhara tenga angalau saa mbili za kazi yako mwenyewe, na nyingi ziende kwenye mazoezi kuliko kusoma vitini. Usifungue majibu kabla hujahangaika na swali. Kusoma jibu la mwingine hukupa hisia ya kuelewa ambayo hupotea chumba cha mtihani.

Kama unawaza shahada ya uzamili, chagua aljebra ya mistari na hesabu za ziada mwaka wa pili. Ukisubiri mwaka wa mwisho, huenda maombi yakatumwa kabla alama za masomo hayo hazijatoka.