Kura yangu kwa komba wa Rondo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: fedha zikiwa chache, kipi kiokolewe kwanza, Takakia, mmea mdogo wa jamii ya kuvumwani wa milima ya Himalaya unaozidi kupungua, au "tumbili mdogo" wa msitu wa Rondo, huku kwetu Lindi?

Kwanza turekebishane. Huyo si tumbili, ni komba. Nasi watu wa Lindi tukisikia komba tunamkumbuka yule mkubwa anayepanda mnazi usiku kunywa tembo la mgema, kisha analia kama mtoto mchanga. Wa Rondo ni mwingine kabisa: gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku wa kisasa, na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Jina la kisayansi alilipata miaka ya 1990, na mlio ndio uliosaidia kumtenga na ndugu zake, maana gizani sura hazina kazi.

Nimekulia Mtama. Mjomba alikuwa akipanda Rondo kupasua mbao, mimi nikimbebea maji. Usiku ukimulika tochi juu ya miti unaona vitone viwili vya rangi ya chungwa, vinaruka, vimepotea. Siku moja mti ulianguka na kiota cha majani. Mjomba akakisogeza kwa mguu, akaendelea kunoa msumeno. Sikuuliza ndani mlikuwa na nini.

Takakia naiheshimu. Ukoo wake una miaka milioni 390, dinosaria wamekuja wakaukuta. Huko Tibet hufunikwa na theluji karibu miezi minane kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha jeni zake zinabadilika upesi mno, lakini joto linaishinda mbio. Sasa joto utalizuia kwa askari gani wa misitu?

Komba adui zake ni shoka, moto wa shamba na tanuri la mkaa. Vyote vina wenyewe, na wengine tunasalimiana nao. Misitu yake inahesabika: Rondo, Litipo, Ziwani kule Mtwara, halafu vipande vya mbali kama Pugu na Pande, kule Dar es Salaam na jirani zake. Komba wa Litipo hawezi kwenda kuposa Pande.

Kwa hiyo fedha zenu mpeni mpasua mbao apate kazi nyingine. Mjomba siku hizi ana mikorosho, msumeno unaota kutu nyuma ya jiko. Ingawa, tuseme kweli, shamba lenyewe la mikorosho alilipata kwa kufyeka.

Msomaji, Lindi