Kupelekwa kwa mwanasaikolojia si kuitwa mwongo

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro, nina miaka 44. Mgongo na misuli ya mabega vinaniuma, huu ni mwaka wa tatu. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba pingili zimesagika. Hospitali walinielekeza kwa mwanasaikolojia. Nikaona wanadhani najisingizia, sikurudi. Sasa natumia unga wa kujenga pingili niliouziwa na muuza virutubisho. Nikiunywa napata nafuu ndani ya siku mbili, nikiacha maumivu yanarudi yale yale. Je, niendelee nao, au kuna lishe iliyo bora zaidi?

Jibu: Marahaba. Hakuna aliyesema unajisingizia, na huniuma sana kukutana na mgonjwa ambaye neno hilo moja, mwanasaikolojia, limemfukuza hospitali na kumtupa mikononi mwa wauza unga.

Neno "kusagika" ndilo chanzo cha hofu nyingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumuisha zaidi ya watu 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta diski zilizochakaa, yaani vile vikalio laini vilivyo kati ya pingili, kwa asilimia 68 ya wenye umri wa miaka 40. Picha yako, basi, inaeleza umri wako kuliko inavyoeleza maumivu yako.

Maumivu yakishapita miezi mitatu, mara nyingi mfumo wa fahamu wenyewe huwa umebadilika, hata uti wa mgongo na ubongo hupokea mguso au mwendo mdogo kana kwamba ni jeraha. Hofu, msongo na usingizi mbovu huukoleza ukali huo. Anayeamini kwamba pingili zake zimekwisha huacha kuinama, hukaza misuli muda wote akiwa kwenye cherehani, misuli huchoka na kuuma, naye huuchukua uchungu huo kuwa ushahidi kwamba mgongo unazidi kuharibika. Maumivu ni ya kweli kabisa. Tiba ya fikra na tabia, ambayo ndiyo kazi ya mwanasaikolojia, hukata mzunguko huo kwa kumfundisha mtu kurudia shughuli alizoziogopa, hatua kwa hatua, huku akifanya mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unaipendekeza tiba hiyo pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na haupendekezi mikanda ya mgongo ambayo wengi wenu mnaifunga kutwa nzima.

Kuhusu lishe, nitasema machache kwa sababu yaliyothibitika ni machache. Kupunguza uzito uliozidi huupunguzia mgongo mzigo, na protini ya kutosha kutoka kwenye maharage, dagaa na mayai huisaidia misuli inayofanya mazoezi. Upungufu mkubwa wa vitamini D huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli, nao hutibiwa. Asiye na upungufu asitarajie vidonge hivyo vimwondolee maumivu. Hakuna unga unaojenga pingili upya.

Ndiyo maana nafuu ya siku mbili inanitia wasiwasi. Chakula hakitulizi maumivu ya miaka mitatu kwa kasi hiyo. Dawa ndizo zifanyazo hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Diklofenaki huweza kuchubua tumbo na kuharibu figo. Deksamethasoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, hujaza uso, na hudhoofisha mifupa ile ile uliyoahidiwa kujengewa. Kila anayekuuzia kopo kwa simu bila kukupima anakuwekea hatari hiyo, hata akivaa koti jeupe.

Ukiona homa za jioni na kupungua uzito, usingoje, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia. Ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kopo lako lipeleke hospitali wiki hii, ueleze umelitumia kwa muda gani. Ikiwa ni wiki kadhaa mfululizo, usiliache ghafla kabla ya kuonana na daktari: steroidi iliyofichwa huweza kuwa imezizimisha tezi zilizo juu ya figo, na kuikatiza kwa siku moja huweza kukuangusha. Baada ya hapo, rudi kwa mwanasaikolojia yule.