Maswali ya Wasomaji: Simu Mkononi, Gari Barabarani

Wiki hii tunajibu wasomaji wanaoendesha magari Uingereza. Majibu haya ni ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake.

Nilikuwa kwenye foleni, taa nyekundu, injini imejizima yenyewe. Nikachukua simu kuangalia saa, basi. Polisi akanigongea dirisha. Sikumpigia mtu wala sikuandika kitu. Kosa langu nini?
*Msomaji, Leicester*

Pole, lakini kosa lipo. Kusimama kwenye taa bado ni kuendesha, hata kama gari ni la aina inayozima injini yenyewe kila likisimama. Na kuangalia saa kwenye simu uliyoishika kunahesabiwa kuwa ni kuitumia.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Sheria ya mwaka 2003 ililenga mawasiliano: kupiga, kupokea, kutuma ujumbe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba dereva aliyerekodi video ya ajali huku akiendesha hakuvunja sheria hiyo, kwa kuwa kurekodi si kuwasiliana. Pengo hilo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022. Tangu siku hiyo, ukiwa umeishika simu, kuwasha kioo chake tu ni kosa. Kuifungua ni kosa, kukata simu inayoita ni kosa, kubadilisha wimbo ni kosa, kupiga picha ni kosa. Kuiweka kwenye hali ya ndege hakukuokoi. Na anayekaa pembeni kumsimamia mwanafunzi wa udereva anabanwa vilevile.

Ukitaka kuishika, toka barabarani, egesha mahali panaporuhusiwa, vuta breki ya mkono, zima injini. Hapo simu ni yako.

Nimeendesha Dar es Salaam miaka 18. Hapa nimefaulu mtihani mwaka jana. Wenzangu wananiambia nisiogope pointi 6 za adhabu za kushika simu, kwani leseni haiguswi mpaka zifike 12. Ni kweli?
*Msomaji, Reading*

Kwao huenda ni kweli. Kwako si kweli, na tafadhali wafikishie habari hii wote waliokuja kama wewe.

Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda haibadilishwi hapa kuwa ya Uingereza. Ukishakuwa mkazi, unaruhusiwa kuitumia miezi 12, kisha lazima ufanye mtihani upya. Sasa, dereva akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu afaulu mtihani wake wa kwanza unaotambuliwa hapa, leseni inafutwa. Mtihani wa Dar hauingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo wewe wa miaka 18 kwenye usukani, kisheria ni dereva mpya sawa na kijana wa miaka 17.

Adhabu ya kushika simu ni pauni 200 na pointi 6 kwa mkupuo. Maana yake ni kwamba kosa moja tu linakurudisha mwanzo: kuomba leseni ya mwanafunzi, kubandika herufi L, kufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo upya. Mpaka ufaulu huwezi kuendesha peke yako, na kwa anayesambaza mizigo au kubeba abiria hiyo ni riziki imekatika. Ukifaulu tena, zile pointi 6 bado ziko palepale, zinakaa kwenye rekodi miaka 4 tangu siku ya kosa. Na bima ikikuuliza, usifiche.

Shauri likienda mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwa dereva wa basi au lori.

Naendesha teksi ya apu. Kazi ikiingia lazima nibonyeze kioo ndani ya sekunde chache. Simu iko kwenye holda. Navunja sheria?
*Msomaji, Birmingham*

Simu iliyokaa kwenye holda hujaishika, kwa hiyo kosa la pauni 200 halikuhusu. Lakini kuna jingine: kutokuwa na udhibiti kamili wa gari, pauni 100 na pointi 3. Polisi akiona macho yako yako kwenye simu na gari linayumba, atatumia hilo, au kosa zito zaidi la kuendesha bila uangalifu.

Holda iweke chini, kwenye dashibodi au tundu la hewa, isizibe kioo cha mbele wala isikae mbele ya mfuko wa hewa. Zile za kunyonya kioo huachia kwa baridi au vumbi: futa kwa kitambaa chenye maji, kausha, ndipo ubandike. Tunasisitiza hili kwa sababu balaa huanzia hapo. Simu inadondoka miguuni, inaita, dereva anainama, anaiokota, kioo kinawaka. Tayari ameishika na ameitumia. Ikidondoka iache hapohapo mpaka uegeshe.

Ramani, bluetooth na sauti vitengeneze kabla ya kuondoka.

Je, naweza kulipa kwa simu dirishani pa mgahawa nikiwa ndani ya gari? Na nikikuta ajali?
*Msomaji, London*

Kulipa unaweza, gari likiwa limesimama, ukigusisha simu kwenye mashine, na unachokilipia unapewa hapohapo au baadaye. Ukishalipa, iweke chini.

Ajali: unaruhusiwa kupiga 999 au 112 ikiwa ni dharura ya kweli na kusimama ni hatari au haiwezekani. Kumpigia ndugu kumweleza ulichokiona hakumo.

Na kwa kuwa tunazungumzia kulipa kwa simu, Kivuko cha Dartford (daraja na mahandaki ya kuvuka mto Thames) kisikuchanganye. Hakina kibanda cha malipo, ushuru wake hulipwa mtandaoni na una muda mpaka usiku wa manane wa siku inayofuata. Lipa ukifika nyumbani.